Vijana wa siku hizi na sweta linalowasha

Kuna malalamiko mawili utayasikia toka kwa mtu yuleyule, vijana wa siku hizi hawafai na sufu inawasha. Mi naona kosa ni moja, mtu kakutana na kipande kidogo afu kakihukumu kitu chote, ila siwezi kusema walalamikaji hawana lao kabisa.

Tuanze na sufu (ya kondoo jamani, sio sufi ya kwenye mito). Kule kuwasha mara nyingi sio aleji, ni unene wa nyuzi. Zikizidi kama mikroni 30 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) ncha zake hazipindi zikigusa ngozi, zinachoma, wakati za kondoo wa merino nyingi ziko chini ya 24 na zinajilaza tu wala huzisikii. Sasa aliyevalishwa sweta la nyuzi nene utotoni anaapa mpaka leo kwamba sufu yote ni upupu. Na wengine sufu yenyewe hawajawahi kuivaa, walivaa akriliki, uzi wa plastiki wa kiwandani! Chomoa uzi mmoja uuchome uone, sufu inanuka kama nywele zilizoungua, ukiutoa kwenye moto inazima yenyewe na majivu yake yanasagika vidoleni, akriliki inayeyuka na kuganda kama gololi ndogo ngumu.

Wanaosema inarudi ukiifua hao wana haki. Unyuzi wa sufu una magamba, ukipata maji ya moto na kusuguliwa yanashikana na hayaachiani tena. Viwanda vinatibu hilo kwa klorini na utando mwembamba wa plastiki, na hapo ndo wanaoimba "asili, asili" huwa wanakaa kimya. Hata kunyoa kunakolaumiwa, kondoo wengi wa kufugwa hawapukutishi sufu wenyewe, yule kondoo aliyeitwa Chris aliyepatikana Australia 2015 alikuwa amebeba zaidi ya kilo 40 za sufu mwilini, kwa hiyo kumnyoa ni kumsaidia. Ila kukata ngozi ya kondoo kuzunguka mkia ili asiingiwe na funza, jambo ambalo New Zealand ililipiga marufuku 2018, hilo silitetei.

Haya, vijana. Yale maneno maarufu ya Sokrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kwamba watoto wanapenda anasa na hawaheshimu wakubwa, kumbe sio yake, yametoka kwenye tasnifu ya mwanafunzi wa Cambridge, Kenneth John Freeman, ya 1907. Na hilo la kuhamahama kazi, Marekani mwaka 1983 mfanyakazi wa kawaida wa miaka 25 hadi 34 alikuwa amekaa na mwajiri wake miaka 3.0, mwaka 2022 ni 2.8. Yaani wazazi wao nao walihama vilevile walipokuwa na umri huo, huo ni ujana sio kizazi. Utafiti mmoja wa Marekani wa 2019 ulikuta wanaosoma sana vitabu ndo wanaoona zaidi kwamba watoto wa sasa hawapendi kusoma, mtu anajipima yeye wa leo na mtoto wa leo, anasahau alivyokuwa.

Lakini msije mkanibadilishia maneno, sio kila kitu ni umri. Aliyekua na simu mkononi tangu shule ya msingi na aliyeipata ukubwani hawawezi kuwa sawa, na mzazi anayeona mtoto halali usiku kwa ajili ya hiyo simu hajaota. Tatizo ni kuwaita wote kwa jina moja la Gen Z, waliozaliwa 1997 hadi 2012 eti wana tabia moja, mmoja ana watoto wake tayari na mwingine bado anafanyiwa homuweki.

Mi mwenyewe sweta langu la kwanza la merino liliingia kwenye mashine na maji ya moto, likatoka linamtosha mtoto wa miaka mitatu. Nikamwakia mdogo wangu kwa kuwa ndo kijana wa nyumbani. Kumbe nililitia mwenyewe na taulo zangu, na yeye ndo alikuwa ameshanisomea lebo wiki moja kabla, maji baridi, usisugue.