Msimtie Balotelli kapu moja na Higuita

Ukitaka kuharibu Jumamosi yako, ingia kibanda chochote cha mpira pale Kondele, Kisumu, wakati wa mapumziko, uulize ni mchezaji gani kichaa kuwashinda wote. Hujapata hata pa kukaa, jibu limeshakuja: Mario Balotelli, yule straika wa zamani wa Manchester City. Kwa nini? Kwa sababu fataki ziliwashwa bafuni mwake. Basi, hoja imekwisha. Mtu amelipa pesa zake kutazama mpira, halafu anapima ukichaa wa uwanjani kwa moto wa bafuni.

Haya, tummalize huyo Balotelli kwanza. Oktoba 2011 nyumba ikafuka moshi, wazima moto wakaitwa, na wikendi hiyohiyo akaenda Old Trafford akafunga mabao 2, City wakiwalima United 6-1. Akainua jezi kuonyesha maandishi ya kuuliza kwa nini kila mara ni yeye. Sawa, hapo alinichekesha, nampa hiyo. Lakini Julai ya mwaka huohuo, kule California dhidi ya LA Galaxy, alibaki yeye na kipa. Teke la kawaida lingetosha. Yeye akajizungusha, akapiga kwa kisigino, mpira ukatoka nje. Kocha wake Mancini akamtoa hapohapo, na kipindi cha kwanza hakijaisha. Kituko cha namna hiyo hakina kazi. Ni kituko cha kutazamwa tu, kama vile kushindwa kuvaa fulana ya mazoezi kule Kyiv.

Sasa tumzungumzie mtu mzima.

Wembley, 6 Septemba 1995, Uingereza na Kolombia. Mechi iliisha 0-0 na hakuna anayekumbuka kingine chochote isipokuwa kipa wa Kolombia, René Higuita, na miguu yake. Najua mtakachosema: mechi ilikuwa ya kirafiki, na kibendera cha msaidizi wa refa kilikuwa kimeshapanda. Ni kweli. Tuendelee.

Rudini kwenye ile video, muitazame polepole. Mpira wa Jamie Redknapp wa Uingereza ulikuwa krosi iliyopotea njia, unaelea kuelekea chini ya mwamba bila kasi. Hilo ndilo sharti la kwanza, maana shuti kali halipigwi vile hata na malaika. Higuita hakurudi nyuma. Alisimama akiuangalia mpira, akauacha uje usawa wa kichwa, na kabla haujampita akaruka kwa miguu yote miwili huku kifua kikiinama mbele. Akiwa hewani tumbo liko chini, magoti yamekunjwa, nyayo ziko juu ya mgongo. Mpira ukagonga nyayo na kurudi ulikotoka. Mikono ndiyo iliyotua kwanza, ikapokea uzito wote.

Ona jambo moja: wakati mpira unagusa miguu, macho yake yalikuwa yanatazama nyasi. Hakuuona. Hesabu yote ilifanywa kabla hajaruka. Ukiruka mapema mno, visigino vinapanda na kushuka mpira haujafika, nao unaingia wavuni taratibu huku umelala kifudifudi. Ukichelewa, unakugonga kisogoni au unapita. Ukikunja magoti nusu, unagusa mashavu ya miguu na kuingia golini kwako mwenyewe. Na kijana wa Nyalenda anayetaka kujaribu kwenye uwanja wa changarawe ajue kwamba kitakachovunjika ni kifundo cha mkono. Aanze kwenye mchanga au godoro kuukuu, mwenzake akimrushia mpira kwa mkono, na aache kabisa siku akigundua kwamba anatua kwa kidevu.

Huyo ndiye mnayemlinganisha na mtu aliyeshindwa na fulana.

Najua pia mtaniletea Roger Milla, straika wa Kamerun. Leteni. Naples, 23 Juni 1990, Kombe la Dunia, Kamerun na Kolombia, hatua ya 16 bora, muda wa ziada. Milla ana miaka 38, ameingia kutoka benchi, ameshafunga la kwanza. Kisha Higuita, akiwa mbali kabisa na lango lake, akapokea pasi ya beki wake na kujaribu kumpiga chenga mzee. Mzee akamnyang'anya, akakimbia na mpira hadi wavuni. Kolombia wakapata moja la kufutia machozi, Kamerun wakasonga hadi robo fainali, timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo. Higuita mwenyewe alikiri kwamba kosa lilikuwa kubwa kama nyumba.

Ila tuelewane kuhusu kosa lenyewe. Watu wanasema alikosea kutoka golini. Hapana! Kutoka golini ilikuwa kazi yake ya kila wiki. Kosa lilikuwa kuuvuta mpira kwa wayo huku Milla yuko mbele yake, karibu kiasi cha kumnusa, na nyuma hakuna beki wa kumfunika. Kipa anayecheza nje ya eneo la penalti anapaswa kuamua kabla pasi haijafika. Mguso wa kwanza uende pembeni, mbali na straika, kuelekea mstari wa kurusha. Straika akiwa karibu, piga nje, hakuna wa kukucheka. Higuita alijua haya yote kuliko mimi na wewe. Siku hiyo alijivuna tu.

Miaka 2 baadaye sheria ikabadilika: kipa haruhusiwi tena kudaka pasi ya makusudi ya mguu wa mwenzake. Makipa waliojua mikono peke yake wakaaibika duniani kote. Kazi ya "kichaa" ikawa kazi ya kila kipa, na leo asiyejua kupiga pasi hapati timu kubwa. Hata hivyo kipa akigusa mpira mara 2 kwa mguu, jukwaa zima la K'Ogalo, yaani Gor Mahia, bado linashika kichwa. Na msisahau fainali ya Libertadores ya 1989, kombe la klabu za Amerika Kusini, ambapo Higuita alipangua penalti 4 za Olimpia na kufunga ya kwake. Fataki gani hizo zenye thamani hiyo?

Bruce Grobbelaar wa Zimbabwe, kipa wa Liverpool, naye yumo kwenye orodha yangu. Roma, Mei 1984, fainali ya Kombe la Ulaya, Liverpool wanapiga penalti na Roma kwenye uwanja wa Roma wenyewe. Akauma wavu, akalegeza magoti kama mlevi wa saa nane usiku, na Graziani akapiga juu ya mwamba. Kombe likaenda Liverpool. Leo asingeruhusiwa. Tangu 2023 sheria inamkataza kipa kugusa wavu, mwamba au milingoti ili kumvuruga mpigaji, na wa kumshukuru ni kipa wa Argentina, Emiliano Martínez, aliyeutupa mpira kando kwenye fainali ya Kombe la Dunia ya 2022 kabla Tchouaméni wa Ufaransa hajapiga penalti. Tchouaméni akakosa. Ukiona kituko kimetungiwa sheria, kilikuwa kinafanya kazi.

Kuna kundi lingine na hapo sicheki. Paul Gascoigne, kiungo wa zamani wa Uingereza, amepigana na pombe miaka na miaka, na bado kuna wanaotuma video zake akiwa hoi kama vichekesho. Karibu na nyumbani kuna bondia Conjestina Achieng wa Siaya. Alitupa heshima ulingoni, na ugonjwa wa akili ulipomwandama watu wakatoa simu kumpiga picha. Mgonjwa si kituko. Mkiona picha hizo kwenye grupu, msizisambaze, na anayezituma mwambieni wazi.

Amebaki Luis Suárez, straika wa Uruguay anayeuma wenzake, maana najua atatajwa. Alimuuma Bakkal 2010, akafungiwa mechi 7. Ivanović 2013, mechi 10. Chiellini 2014, mechi 9 za Uruguay na miezi 4 nje ya soka. Mtu anafungiwa, anarudi, anauma tena. Huyo msimlete kwenye mjadala wa vichaa. Mpitisheni ufuo wa Dunga, Kisumu, kabla ya mechi, awekewe samaki ngege mzima na ugali wa kutosha, kisha tuone kama bado atatamani bega la beki.