Shanga Hazikuwa Upuuzi

Kuna kauli inayorudiwa darasani na vijiweni: babu zetu walidanganywa, wakatoa pembe za ndovu wakapewa shanga. Siiafiki. Anayeisema hajawahi kupiga hesabu ya mizigo ya msafara.

Chukua msafara wa kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji kati ya miaka ya 1850 na 1870. Mpagazi mmoja alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na mkeka na vyombo vyake. (Wengi wao walikuwa Wanyamwezi huru waliofanya kazi kwa ujira, si watumwa, jambo linalosahaulika mno.) Mizigo ilikuwa ya nguo, shanga na masango ya waya. Nguo ilipimwa kwa mkono: mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti. Shanga zilihesabiwa kwa kete, yaani uzi mmoja wa shanga, na kete kumi zikafanya fundo. Merikani, ile pamba nzito isiyopaushwa iliyofumwa Massachusetts, iliongoza kwa kupendwa, kaniki ikafuata.

Shanga ndizo zilizomfilisi mgeni. Stanley, mwandishi wa habari aliyesafiri bara mwaka 1871, aliandika kwamba Unyamwezi walipokea samisami, zile nyekundu, na nyingine wakazikataa. Bubu, zile nyeusi, zilipita Ugogo lakini ukivuka hapo hazina kazi. Nyeupe zilikubalika Ufipa, Ukonongo zikadharauliwa. Kwa hiyo mwenye msafara ilimlazimu, angali pwani, akadirie atakaa siku ngapi katika kila nchi na watu wake watakula kete ngapi kwa siku. Akikosea, anabaki na mizigo ya bubu, na kila hatua analipa ujira wa kubeba kitu kisichonunua hata kibaba cha mtama. Akijihami kwa kuchukua nyingi za kila aina, wapagazi wanaongezeka, na posho nayo inaongezeka. Bado hongo, yaani ushuru wa kupita, ya Ugogo, nchi kavu ambako wenyeji walijua wazi kuwa msafara hauwezi kupita bila maji yao. Mnunuzi anayechagua rangi namna hiyo, na mtemi anayejua thamani ya kisima chake, utasemaje walidanganywa?

Tena bei ziliwaelekea wauza pembe. Kwa miongo kadhaa bei ya pembe Unguja ilipanda, huku nguo za viwandani zikishuka.

Hasara ilikuwepo, ila tunaitafuta pasipo. Pembe laini ya Afrika Mashariki ilipelekwa Connecticut, katika miji ya Deep River na Ivoryton, ikakatwa vibamba vyembamba, ikaanikwa juani katika nyumba za vioo mpaka ieupe, kisha ikabandikwa kwenye vibonye vya piano. Sandarusi yetu, utomvu mgumu wa miti, iligeuzwa vanishi. Huko zilizaa mashine, mafundi na viwanda; huku doti ilivaliwa ikachakaa. Na pamba ya merikani yenyewe ilikuwa imelimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, kwa hiyo vita vya huko vilipozuka mwaka 1861, merikani ikaadimika, na nguo za Uingereza na India zikapata nafasi.

Jingine ni ndovu kwisha. Kila walipopungua mahali, wawindaji walisogea mbele, hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Manyema, na mikopo ya matajiri wa Unguja kama Taria Topan ikiwafuata. Bunduki nazo zilisogea, na watu wakatekwa pamoja na pembe. Hapo lawama iwaangukie pia wakubwa wa bara waliouza majirani zao. Kuwaita wapumbavu ni kuwasamehe kirahisi.

Waliojua nguvu ya njia waliitumia. Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, alipopigana na Waarabu wa Tabora kuanzia 1871 aliifunga barabara ya Ujiji, na biashara ya pembe Unguja ikatikisika. Mtu aliyefika hapo hakuwa mteja wa kuonewa huruma.

Mambo yaligeuka Wajerumani walipoleta kodi ya nyumba mwaka 1898. Samisami unaweza kuikataa. Kodi ilidaiwa na serikali yenye askari, na asiye na rupia aliipata kwa kuuza mazao au kwenda kufanya kibarua.