Light Programme ya BBC na kazi ya mama nyumbani

Lawama dhidi ya Light Programme, idhaa ya burudani ambayo BBC iliifungua tarehe 29 Julai 1945, haijabadilika kwa miaka mingi. Wakosoaji wanasema ilikuwa idhaa ya kubembeleza: muziki asubuhi, tamthilia za familia alasiri, vichekesho usiku, na taifa la Uingereza lililochoshwa na Vita vya Pili vya Dunia likaambiwa litulie. Lawama hiyo ina ukweli wake, nami nitaufikia. Lakini wanaoitoa mara nyingi hawasomi ratiba yenyewe.

Chukua siku ya kazi ya mwaka 1951. Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Housewives' Choice kilipiga santuri walizoomba wasikilizaji. Baadaye kikaja Music While You Work, kipindi kilichozaliwa Juni 1940 kwa ajili ya viwanda vya wakati wa vita. Kilikuwa nusu saa ya muziki mfululizo, ulioteuliwa kwa kufuata mwendo wa mikono. Nyimbo za taratibu zilikatazwa. Wimbo mmoja maarufu wa Kimarekani ulipigwa marufuku kwa sababu una makofi ndani yake, na iliogopwa kwamba wafanyakazi wangeacha mashine ili nao wapige.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Redio ilijifunza viwandani kupima kipindi kwa kufuata kazi ya anayesikiliza. Vita vilipokwisha, ikaupeleka ujuzi huo majumbani, na mwanamke anayefua, anayepika na kulea akahesabiwa kuwa mtu aliye kazini, mwenye zamu na mapumziko.

Tazama robo saa moja tu. Tarehe 16 Januari 1950 kilianza Listen with Mother, cha watoto wasiofika miaka 5, saa nane kasorobo mchana. Mtangazaji aliuliza, "Mmekaa vizuri? Basi naanza," kisha zikafuata hadithi na nyimbo. Saa nane kamili kikaingia Woman's Hour, kipindi cha wanawake cha saa nzima. Hebu ifikirie nyumba ya wakati huo: chakula cha mchana kimeliwa, wakubwa hawajarudi kutoka shule, mdogo ameshiba lakini hajasinzia. Robo saa hiyo inamtuliza mtoto, na mara anapotulia, saa nzima inakuwa ya mama. Aliyepanga hivyo alijua nyumba inavyokwenda dakika kwa dakika. Sioni dharau hapo. Naona mtu aliyechukua taabu ya kuuliza siku ya mwanamke huyo inakwendaje.

Na saa hiyo ilikuwa na nini? Woman's Hour kilianza tarehe 7 Oktoba 1946, na ni kweli kwamba mtangazaji wake wa kwanza alikuwa mwanamume, Alan Ivimey. Mapishi yalikuwepo, tena ya lazima, maana mgao wa nyama haukwisha hadi 1954. Lakini katika miaka hiyo hiyo ya 1940 kipindi kilizungumzia kukoma kwa hedhi, mchana kweupe, wakubwa fulani wa BBC wakiona haya. Wakosoaji hupenda kutaja mwongozo wa BBC wa 1948 uliowakataza waandishi wa vichekesho kufanya mzaha kuhusu choo, nguo za ndani za wanawake na maharusi walio fungate. Wautaje, ni haki yao. Ila wataje pia kwamba shirika lile lile lililoona mwili wa mwanamke haufai kuchekewa usiku liliona unafaa kuzungumzwa kwa uzito mchana. Ningependa kujua ni chombo gani kingine kilichoingia katika nyumba nyingi kiasi kile kilichothubutu hivyo.

Sasa upande wa pili. Baada ya vita, vituo vingi vya kulelea watoto wa akina mama wa viwandani vilifungwa, na ratiba iliyomliwaza mwanamke nyumbani ilisaidia pia kumzoesha kubaki huko. Tena BBC haikuwa na mpinzani mchana. Radio Luxembourg, redio ya biashara iliyorusha matangazo kutoka nje ya nchi, ilivuma usiku, na redio za biashara zenye leseni hazikuanza Uingereza hadi 1973. Mtu akisema Dick Barton, mchezo wa redio wa kusisimua wa idhaa hiyo, ulifikia wasikilizaji milioni 15, ni halali kumuuliza wangekwenda wapi kwingine.

Zito zaidi ni kanuni ya siku 14. BBC haikujadili hewani suala lililotarajiwa kufika Bungeni ndani ya wiki 2, na kanuni hiyo ilidumu hadi 1956. Mwaka 1951 serikali iliamua kutoza watu kwa meno ya bandia na miwani iliyokuwa bure. Hiyo ni hoja ya jikoni kabisa, na mjadala wake ulipaswa kusikika jikoni wakati ule ule ulipokuwa moto.

Na lipo jambo ambalo hata mimi siwezi kulitetea. Kuanzia 1943 hadi 1958 BBC ilikuwa na Caribbean Voices, kipindi kilichoasisiwa na Una Marson wa Jamaika, ambamo waandishi wa Karibi kama George Lamming na Sam Selvon walisikika kabla ya kuwa na majina makubwa. Kilitengenezwa London na kurushwa kwa wasikilizaji wa Karibi. Wahamiaji kutoka Karibi waliposhuka katika meli ya Empire Windrush mwaka 1948, mama wa Kiingereza aliyekuwa akipata majirani wapya angeweza kusaidiwa na sauti hizo kuliko na tamthilia yoyote ya alasiri. Waliojua robo saa ya mtoto wake walikuwa nazo mkononi, wala hawakumpangia hata dakika moja ya kuzisikia.