Wasifu wa Bibi na ile mbege iliyokatwa

Jamani hizi wasifu tunazosoma kwenye misiba huku Moshi mi zimenichosha, hasa za wanawake. Ukisikiliza moja umesikiliza zote, marehemu alizaliwa kijiji fulani, akabatizwa, akapata kipaimara, akafunga ndoa takatifu, wakajaliwa watoto, halafu sentensi inayofuata tayari anaumwa, presha, sukari, akalazwa, Bwana ametoa Bwana ametwaa. Hapo katikati ya ndoa na presha kuna miaka hamsini na kitu, huyo mtu alikuwa anafanya nini muda wote huo? Hakuna anayeuliza, msomaji anakunja karatasi na MC anaanza kuita mashada.

Majuzi tumemzika bibi yetu huko juu Mwika, kihambani kwake kwenye migomba, na wake ukatoka hivyo hivyo. Nimeumia zaidi kwa sababu nilikuwepo unaandikwa. Baba mdogo amekaa sebuleni na laptopu anataka tarehe tu, babu akiulizwa walifunga ndoa lini anaongea habari za majani. Kwamba bibi alikuwa anashuka mpaka huko chini porini kukata majani ya ng'ombe, anapanda mlima na mzigo kichwani, maana kwetu ng'ombe anakaa bandani mwaka mzima, pa kuchungia hakuna, na samadi ya huyo ng'ombe ndo inalisha migomba, na migomba ndo inaipa kahawa kivuli. Akasema, "Mkinizika mimi mtaandika nilikuwa mkulima wa kahawa. Hiyo kahawa ingeota kwenye nini?" Baba mdogo akajibu sawa mzee, ila tunaomba tarehe.

Na kweli kahawa ilikuwa mali ya wanaume. KNCU, ule ushirika wetu wa kahawa Kilimanjaro, iko tangu 1933 na kwa wazee wetu jina lililoandikwa kwenye daftari la chama cha msingi ni la baba, hela anapokea baba. Mama ana ndizi zake na maziwa yake. Sasa hela ya kahawa ni ya msimu, halafu mwaka 1989 ule mgao wa kimataifa wa kahawa, wa kila nchi kupangiwa kiasi cha kuuza nje, ukavunjika, bei ikaporomoka, huku kwetu watu kibao wakaiacha ikajifia shambani. Na ndo kipindi baba na wadogo zake wako sekondari, hii elimu bila ada mpaka kidato cha nne imekuja 2016 tu, wakati ule usipolipa mtoto anarudishwa nyumbani na sanduku lake. Ada ilitoka kwenye mikungu ya ndizi aliyokuwa anapeleka soko la Mwika, na ilitoka kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi.

Mbege ya bibi niliikuta utotoni. Ndizi zinaivishwa mpaka ziwe laini kabisa, zinachemshwa kwenye pipa, zinaachwa zikae siku kadhaa ndo zinachujwa, pembeni ulezi umeshaoteshwa ukakaushwa ukasagwa, unapikwa uji, ukipoa unachanganywa na yale maji ya ndizi, na gome la msesewe la kuleta uchungu. Msesewe alikuwa hamwachii mtu, anaonja kwa kidole anatema pembeni anaongeza kidogo. Wazee wanaingia uani mmoja mmoja, anapima kwenye kata, na mkopo anauandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa jiko. Mlango mzima umejaa vijistari na anajua kila kimoja ni cha nani.

Hiyo ndo ilikatwa. Shangazi alisema mama alikuwa mzee wa kanisa, hatuwezi kusimama mbele ya mchungaji tukasema alikuwa anapika pombe. Wakati huo huo mapipa ya mbege ya msibani yamepangwa nyuma ya turubai na hata waliokuwa wanakubaliana naye walienda kunywa. Mi ni mjukuu, kwenye kikao cha wakubwa unabeba chai tu.

Najua kuna atakayesema ibada ni ndefu, mchungaji ana mazishi mengine. Sawa, ila mashada tulimaliza saa nzima, mpaka grupu la WhatsApp la waliosoma na binamu yangu liliitwa, watu ambao bibi hakuwahi kuwaona. Punguzeni hapo basi, muda mbona upo.

Desemba tunapanda wote nyumbani kama kawaida, kutakuwa na ibada ya shukrani na kujengea kaburi, na wasifu unasomwa tena. Nimeshaandika mwingine, ada imo, majani yamo, mbege imo. Nimeutupia kwenye grupu la familia, shangazi kausoma na hajajibu chochote. Babu kasomewa kwenye simu, kasema niongeze kwamba bibi alikuwa anamdai hata yeye.