Sikuzimia

Sikuzimia. Naanza na hilo kwa sababu MC wangu, mtu niliyedhani ni rafiki, ameshazungusha kwenye magrupu yote kwamba nilianguka jukwaani nikabebwa kama gunia la mihogo. Nilikaa chini kwa hiari yangu, nyuma ya spika ya kulia, kwa sababu kulikuwa na giza na sikuwa na pa kwenda. Ninyi mnaotumiana ile video ya sekunde 47 hamjui ilianzia wapi. Na ninyi wa VPN mlioipandisha Facebook, nimewaona. Mama yangu pia amewaona.

Mliokuwepo Busia Jumamosi kwenye onyesho langu la muziki mtanisahihisha nikikosea. Tiketi 163, shilingi 10,000 za Uganda kila moja, wa upande wa Kenya wakalipa kwa pesa yao. Yaka ya ukumbi, ule umeme wa kulipia kabla, ikaisha kabla hata sijavaa viatu, na mwenye ukumbi simu yake haipatikani. Tukawasha jenereta yetu, ya KVA 2.5, inayobeba spika mbili za inchi 15, miksa na taa nne bila kulalamika. Shemeji yangu ndiye fundi mitambo. Amemuoa dada yangu, kwa hiyo hata nikitaka kumfukuza kazi, lazima kwanza kikao cha ukoo.

Sasa flashi. Sikilizeni hapa, hasa ninyi mnaoanza kuimba, maana hili litawakuta.

Studio ilinipa nyimbo saba kwa WAV, zile faili nzito za sauti. Wimbo mmoja wa dakika nne na nusu ni karibu MB 45, na miksa yetu ya chaneli nane haisomi WAV, inasoma MP3 tu. Basi shemeji akachukua folda yangu nzima kwenye laptopu, akaipitisha kwenye programu ya kubadilisha, moja kwa moja hadi kwenye flashi. Folda nzima, banange! Ndani ya folda ile mlikuwa na nyimbo, picha za pasipoti, na vitu nilivyohamisha kutoka kwenye simu ilipojaa. Vitu nilivyorekodi mwenyewe. Simu yangu hurekodi kwa m4a, aina nyingine ya faili, ambayo miksa ile ingeiruka bila kusema neno. Lakini kwa wema wake, shemeji akaigeuza nayo kuwa MP3.

La pili. Nyimbo nilizipa namba vizuri, 01 hadi 07. Miksa nyingi za bei yetu hazina habari na majina. Zinapiga faili kwa mpangilio zilivyoingia kwenye flashi, iliyotangulia kuandikwa ndiyo inayotangulia kupigwa. Programu ya shemeji inabadilisha faili kadhaa kwa pamoja, ile inayokamilika mapema ndiyo inayokaa mbele. Dalili ilikuwepo tangu mwanzo: wimbo wa kufunga ulikuja wa kwanza. Niliingia jukwaani nikiwaaga watu. Nikajifanya ni ubunifu.

Na kwa kuwa leo ni siku ya kusema ukweli, zile hazikuwa biti tupu. Zilikuwa nyimbo kamili zenye sauti yangu ndani. Mahali pa sauti ya juu nilikuwa nafungua mdomo tu. Msishangae sana, hata ninyi kwenye kwaya mnafanya.

Baada ya wimbo wa tatu nikamfanyia shemeji ishara asimamishe. Nikashika maiki kwa mikono miwili. Nikawaambia watu wa Busia kwamba nimezunguka kote, Mbale, Iganga, Jinja, sijaona watu kama wao. Sauti ikakatika. Nikainamisha kichwa. Nikafuta jicho la kushoto. Ukumbi ukatulia kabisa, mama mmoja akapanda jukwaani, akanifuta uso kwa leso yake, akanichomekea noti ya 20,000 mfukoni, leso akaniachia begani. Nakumbuka niliwaza: huu ndio usiku wangu.

Nikainua mkono juu. "Twende kazi!"

Shemeji akabonyeza, akaona taa ya miksa inacheza, akatoka nje kuangalia mafuta. Kutoka jukwaani hadi miksa ni hatua 25, na katikati kuna watu 163 na mabenchi.

Kwanza ukaja mkwaruzo. Halafu kikohozi. Kikohozi kile nilikijua.

"Ehm. Watu wa Tororo..." Kimya. "Hapana, Tororo ni mwezi ujao. Watu wa Busia!"

Ilikuwa sauti yangu, safi, kwenye spika mbili za inchi 15. Na hapa ndipo sitajisamehe. Mwili wa binadamu ni mtumwa wa mazoea. Nimesikia sauti yangu inatoka kwenye spika, maiki iko mkononi, taa ziko usoni. Mdomo wangu ukaanza kufuata. Naapa sikuuamuru.

"Nimezunguka kote, Mbale, Iganga, Jinja," ikasema spika, na mdomo wangu nao ukasema, "sijaona watu kama ninyi."

Watu walidhani narudia kwa msisitizo. Wawili watatu wakapiga makofi.

"Hapa sauti inakatika," ikasema spika.

Mdomo wangu ukasema, hapa sauti inakatika.

"Nainamisha kichwa. Moja, mbili, tatu."

Nikainamisha kichwa, ndugu zangu. Niliinamisha. Kilikuwa kinakwenda chenyewe kama cha mjusi. Kilipokuwa chini nikaona viatu vyangu, nikaona waya wa spika, na akili ikanifikia ikihema kama mtu aliyekimbilia basi. Nikabaki hukohuko chini, maana kuinua kichwa ilikuwa ni kukutana na watu.

"Nafuta jicho. La kushoto, la kushoto, mpiga picha atakaa kushoto."

Mpiga picha alikuwa kushoto. Alishusha kamera, akaniangalia kwa macho yake mwenyewe.

Kimya cha pale sijawahi kukisikia hata msibani. Kisha kutoka kwenye spika, kwa mbali kidogo, ikaja sauti ya mwanamke:

"We! Ukimaliza kulia, toa hao kuku kwenye unga!"

Benchi la mbele, mama yangu mzazi akasimama, kitambaa chake kipya kichwani, akawageukia watu. "Huyo ni mimi!" akasema kwa fahari. Halafu akakumbuka. "Na wale kuku walimaliza kilo mbili!"

Hapo ukumbi ulipasuka.

Nikampigia kelele mtoto mmoja mlangoni akamwambie shemeji azime. Nilimaanisha wimbo. Mtoto akafika nje akasema, "Wamesema zima!" Shemeji ni mtu wa utaratibu. Alifundishwa kwamba jenereta haizimwi kwa swichi kama taa ya chooni: unafunga koki ya petroli, unaiacha imalize mafuta yaliyobaki kwenye kabureta, ife yenyewe, ili petroli isilale humo ikaganda na kuziba njia. Ushauri mzuri sana. Unachukua dakika nzima na zaidi.

Kwa hiyo kwa dakika nzima na zaidi, jenereta ikawa inakata roho taratibu, taa zinafifia na kuwaka, mimi nimeinama, na rekodi inaendelea na sehemu ya pili, ambamo najaribu kicheko cha unyenyekevu mara nne. Cha tatu ndicho kilikuwa kizuri. Mwenyewe nilisema hivyo kwenye rekodi.

Kisha giza, nami nikakaa nyuma ya spika. Hiyo ndiyo "kuzimia" ya MC.

Mengine mnayajua. Viti viwili vilivunjika, mtu mmoja akaondoka na stendi ya maiki, mimi nikaondoka na boda kwa mlango wa nyuma, leso ya watu bado ingali begani.

Kuhusu pesa zenu. Niliuza sabufa yangu ya nyumbani, mama akaongeza kidogo na maneno mengi. Tulitumia kitabu cha risiti, kwa hiyo kila tiketi ina namba na kipande chake ninacho mimi. Mpaka jana jioni nimerudishia watu 58 kwa mobile money, na nimeongeza ada ya kutoa pamoja na ile kodi ya nusu asilimia, ili mshike 10,000 kamili mkononi. Walioomba mpaka sasa ni 211. Tiketi zilikuwa 163. Waliobaki wananiambia "nilikuwa nyuma." Ndugu, nyuma kulikuwa na ukuta. Tumeni picha ya risiti, namba ionekane. Yule mama wa leso nimempelekea 20,000 yake na leso nimeifua. Akaipokea, akainusa, akasema asante, akafunga mlango.

Asiyetaka pesa aje Jumamosi hii, ukumbi uleule, saa moja jioni, aingie bure na risiti yake. Yaka nimenunua mwenyewe. Kutakuwa na gitaa, ngoma mbili, na biti zisizo na sauti yangu hata chembe. Sauti ikikwama mtaisikia ikikwama. Flashi imefutwa yote, faili zinaingizwa moja moja, ya kwanza ikikamilika ndipo ya pili, kisha zote zinasikilizwa kwenye miksa ileile tutakayotumia, sio kwenye laptopu. Shemeji hatatoka kwenye miksa hata kama amebanwa. Mafuta ataangalia mtu mwingine. Hotuba hakuna.

Tafadhali vijana wa boda pale stendi, mnaponiona mnahesabu moja, mbili, tatu, imetosha. Jana hata askari wa mpakani alihesabu.

Nilikuwa nimefika hapa, nataka kutuma, shemeji akapiga simu. Amemaliza kupanga flashi. Sauti yake ilikuwa ya upole, ile ya mtu anayetaka kuuliza jambo la familia.

"Shem, si ulisema biti ni saba?"

"Saba."

"Sasa hii ya nane ni nini? Inasema, 'Watu wa Busia, nawaomba radhi,' halafu kuna mtu anahesabu."