Ukurasa usio na nambari, na alama 69 zisizo na maelezo

Mwaka ule tuliwasilisha zabuni ya kampeni ya uhamasishaji kwa shirika moja la umma hapa Nairobi. Tulikuwa watu wanne katika chumba kimoja Ngara, na nyaraka zetu zilifika kurasa 214. Usiku wa kuamkia siku ya kufunga tulikuwa bado River Road, kwenye duka la kuchapisha. Mhasibu alileta hesabu zilizokaguliwa saa nne usiku, tukazichomeka katikati, kitabu kikafungwa, tukaenda kulala tukiwa na furaha. Kurasa 18 za hesabu zile hazikuwa na nambari. Wiki tano baadaye barua ikaja: zabuni yenu haikutimiza masharti ya lazima, kurasa hazikutiwa nambari mfululizo. Wazo tulilolikeshea majuma matatu halikusomwa na mtu.

Kila anayefanya kazi ya mawasiliano jijini, awe mpiga picha, mwandishi wa matangazo ya redio au msimamizi wa kurasa za mitandao, ana kisa cha namna hiyo. Na karibu kila mmoja hukimaliza kwa maneno yaleyale: tenda zina wenyewe, ukurasa ni kisingizio tu. Nami nilisema hivyo kwa miaka. Siku hizi sisemi tena, ingawa najua wanaolalamika wana hoja nzito.

Hoja yao ni hii. Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Sheria ya Ununuzi ya 2015 ikaongeza kwamba angalau asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi itengewe kampuni za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Sasa kijana mwenye kamera nzuri na kichwa kinachofanya kazi anafungua nyaraka za zabuni, anakutana na CR12 (hati ya msajili inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni), cheti cha kodi cha KRA (mamlaka ya mapato), leseni ya biashara ya kaunti, hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, fomu ya siri ya biashara, hati ya kumruhusu mtu kutia sahihi, na kila ukurasa uwe na nambari. Akikosa kimoja, amekwisha. Shirika linabaki na kampuni mbili au tatu zilizozoea makaratasi, na huenda wazo bora kwa bei nafuu ndilo lililotupwa kapuni. Anayepoteza hapo ni mkulima wa Kitui ambaye tangazo la chanjo ya mifugo lilitungwa na watu wanaojua kujaza fomu kuliko wanavyojua kuzungumza naye.

Siwezi kulidharau hilo. Na sheria yenyewe, katika kifungu cha 79, inakubali kwamba kasoro ndogo isiyogusa kiini cha zabuni haipaswi kumwangusha mtu. Kwa nini basi ukurasa usihesabiwe kasoro ndogo?

Fuata safari ya kitabu chako baada ya kukitumbukiza kwenye sanduku la zabuni. Saa ya kufunga ikifika, sanduku hufunguliwa papo hapo, wazabuni wakiwa wameketi kwenye viti vya plastiki, kila mmoja akinyoosha shingo kumwona mwenzake. Jina la kampuni linasomwa kwa sauti. Bei inasomwa. Kamati inaipa kila zabuni nambari yake, inaandika idadi ya kurasa ilizopokea, wanakamati wanatia sahihi. Kisha wewe unarudi Ngara, kitabu kinabaki. Kinaingia kwenye kabati la mtu usiyemjua, kwa siku zinazoweza kufika 30, ambao ndio muda wa juu wa tathmini.

Katika siku hizo 30, ni nini kinachokilinda kitabu chako? Mama mmoja aliyestaafu kutoka kitengo cha ununuzi ndiye aliyeniuliza swali hilo, akinisikiliza nikilalamika. Nikamjibu kwamba idadi ya kurasa iliandikwa siku ya kufungua. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, karatasi moja ikitoka na nyingine ikaingia, idadi inabaki 214."

Nililifikiria jambo hilo siku nyingi. Kurasa zangu 18 zilikuwa katikati ya kitabu, hazina nambari, hazina muhuri, ni nakala za kawaida. Mtu angenyofoa ukurasa wenye sahihi ya mkaguzi wa hesabu, akachomeka karatasi yoyote mahali pake, na tathmini ingeandika kwamba hesabu zangu hazikukaguliwa. Ningethibitishaje? Kwa neno langu? Upande wa pili, mshindani wangu ambaye cheti chake cha ushuru kilikuwa kimekwisha muda angeweza kuletewa kipya na kukiingiza palepale cha zamani kilipokuwa. Kitabu kisicho na nambari ni mali ya yeyote aliye na ufunguo wa kabati, na mwenye jamaa kwenye lile kabati hakuwa mimi. Nambari haizuii kila hila, kwa sababu mtu aliyedhamiria anaweza kuchapisha ukurasa 140 mpya. Lakini akiwa na nambari, muhuri na sahihi za kughushi, kazi yake imekuwa ngumu mara tatu, na wewe una nakala yako nyumbani yenye nambari zilezile.

Ndiyo maana watunga sheria waliona haja ya kulitaja jambo dogo hivyo katika kifungu cha 74 chenyewe: mwaliko wa zabuni umtake mzabuni atie kurasa nambari mfululizo. Na ndiyo maana bodi inayosikiza malalamishi ya ununuzi imeshikilia mara nyingi kwamba sharti la lazima ni la lazima kwa wote, hata mlalamishi akiwa kampuni kubwa yenye wakili wa kupigiwa mfano.

Hapo ndipo watu wetu hukosea kumsoma afisa wa ununuzi. Humwona kama mlinzi wa lango la wakubwa. Tuseme alinihurumia. Tuseme alisema, hawa ni vijana, kurasa 18 si kitu, tuendelee. Kesho yake kampuni nyingine ingekuja na cheti kilichopitwa na wakati, nayo ingetaka huruma ileile, na ingekuwa na simu za kupiga ambazo mimi sina. Huruma ya ofisini haigawanywi sawa. Humfikia kwanza anayejulikana. Sharti kali lisilojua jina la mtu ndilo pekee linalonitazama mimi na yule mwenye jengo Upper Hill kwa jicho moja. Lilinitupa nje, naam, na liliniuma. Lakini niliweza kulisoma, kulielewa, na kulitimiza zabuni iliyofuata kwa muhuri wa nambari unaouzwa bei ya chakula cha mchana.

Ile zabuni iliyofuata ndiyo inayonikosesha usingizi hadi leo. Tulipita masharti ya lazima yote. Tukaingia tathmini ya kiufundi, ambako alama za kupita zilikuwa 70. Tukapata 69. Safari hii bei ilikuwa kwenye bahasha yake ya pekee, nayo ikarudishwa haijafunguliwa, kama sheria inavyotaka. Barua ilitaja alama tu. Alama moja imepotelea wapi? Jedwali lilisema: ubunifu wa dhana, 20, uelewa wa kazi, 15, mbinu, 15, yaliyobaki ni wataalamu na uzoefu. Ukurasa usio na nambari naweza kukuonyesha kwa kidole. Lakini nani atakionyesha kidole changu mahali ambapo ubunifu wangu ulikuwa 13 badala ya 14?

Huko ndiko upendeleo unakojificha katika zabuni za mawasiliano, kwa sababu ya asili ya kazi yenyewe. Saruji huhesabiwa mifuko, lami hupimwa unene. Kampeni ya redio ni kitu ambacho watu watano wenye nia njema wataigawia alama tano tofauti, na katika kamati ya tathmini mara nyingi utamkuta mhasibu, afisa wa wafanyakazi na mtu wa mitambo ambao hawajawahi kununua hata dakika moja ya hewani. Kifungu cha 80 kinasema vigezo viwe, kadiri iwezekanavyo, vya kupimika bila kutegemea hisia za mtu. Alama 20 za ubunifu zinaweza kabisa kuvunjwavunjwa: je, mpango umetaja lugha za walengwa? Umechagua vituo vinavyosikika kweli huko wanakoishi, au umejaza vile vya Nairobi tu? Umeonyesha gharama ya kumfikia msikilizaji mmoja? Tangazo limejaribiwa kwa watu kabla? Kila swali lina ndiyo au la, na atakayenyimwa alama atajua ni kwa lipi.

Sharti la uzoefu nalo ni ukuta wa aina yake. Nyaraka zikidai kazi tatu zilizokamilika, kila moja ya thamani ya mamilioni ishirini, kampuni changa haina njia. Haipati kazi kwa kuwa haijawahi kupewa kazi. Hilo natamani vijana walipigie kelele kwa nguvu wanazomaliza kwenye nambari za kurasa na ufungaji wa vitabu.

Wapo wanaosema afadhali kuachana na zabuni kabisa, serikali iwe na chombo chake kimoja cha matangazo. Hiyo nayo si hoja ya kijinga. Kabla ya 2015, kila wizara ilinunua nafasi magazetini kivyake, na bei ya tangazo moja ilitegemea nani amenunua. Wakala wa Matangazo ya Serikali, GAA, ulianzishwa kukusanya ununuzi huo mahali pamoja, na gazeti la MyGov likazaliwa humo. Mnunuzi mmoja mkubwa huweza kushusha bei. Lakini mkono mmoja unaoshika mfuko wote huweza pia kuufunga. Machi 2024 idara ya utangazaji iliagiza kwa barua kwamba matangazo ya serikali ya redio na runinga yapelekwe KBC, shirika la utangazaji la taifa, peke yake. Mtetezi wa agizo atasema KBC ni mali ya umma, inafika vijijini ambako vituo vya kibiashara haviendi, na imedhoofika kwa kukosa mapato. Ni kweli. Hata hivyo, hapakuwa na siku ya kufungua wala bei iliyosomwa kwa sauti, na hapakuwa na ukurasa ambao mtu angeweza kuuliza nambari yake. Kituo kidogo cha lugha ya mama kilipoteza mteja bila hata barua ya kuambiwa kilikosea wapi. Nikilinganisha na hilo, barua yangu ya kurasa 18 ilikuwa heshima.

Na kushinda kwenyewe kuna mtego. Ukifanya kazi ya shilingi milioni moja, unatoa ankara ya milioni moja na laki moja na elfu sitini, kwa kuwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 16. Zile 160,000 KRA inazitaka kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, iwe shirika limekulipa au halijakulipa. Kampuni kubwa hukopa benki na kusubiri. Ya watu wanne huuza kamera. Sheria inaruhusu riba kwa malipo yanayocheleweshwa, lakini ni mzabuni gani mdogo atakayemdai riba mteja anayemtegemea kwa zabuni ijayo? Mnamo 2023 iliundwa kamati nzima ya kukagua madeni ya serikali kuu ya tangu 2005, na Kaunti ya Nairobi pekee imekuwa ikidaiwa zaidi ya shilingi bilioni 80. Wenzangu walioacha kuwania tenda kwa sababu hii siwaiti waoga.

Mwaka 2025 serikali ilianza kuzisukuma taasisi zote zitumie mfumo wa kielektroniki wa ununuzi, nao ukapingwa vikali na magavana, kukawa na kesi. Utakapokita mizizi, mjadala wa kurasa utakwisha wenyewe, maana hati iliyopakiwa haichomolewi karatasi usiku. Vijana watafurahi, na wana haki. Lakini jedwali lile la ubunifu alama 20 litapakiwa pia, vilevile lilivyo, na kamati ya watu watano italijaza kwenye skrini badala ya karatasi.

Wiki iliyopita mdogo wetu wa ofisini aliniletea nyaraka za zabuni mpya akiwa amezifungua kwenye masharti ya lazima, kalamu mkononi. Nikazigeuza hadi kwenye jedwali la alama. Tumeandika barua kuomba ufafanuzi, kwa kuwa tunaruhusiwa kuuliza kabla ya siku ya kufunga na jibu hupelekewa wote waliochukua nyaraka: alama za ubunifu zitagawanywaje, na na nani? Jibu bado halijaja. Yeye ameketi pale dirishani na muhuri wa nambari, amefika ukurasa wa 96.