Huyu aliyeshika kamera amesimama wapi?

Mi nikiangalia klipu yoyote ya vita swali langu la kwanza ni hilo tu. Nani anampiga nani nitajua baadaye, kwanza nataka kujua aliyeshika kamera kasimama wapi. Jaribu siku moja, utaona zile picha zinabadilika kabisa.

Fikiria hivi. Askari wanakimbia kwenda mbele na risasi zinatokea hukohuko mbele. Kameramani akikaa nyuma yao atapata migongo, mizigo na vumbi, basi. Akitaka nyuso, yaani yule macho yamemtoka pima, yule anayejing'ata mdomo, itabidi awatangulie halafu ageuke, na akigeuka ndo keshampa adui mgongo. Njia nyingine ni kuigiza tu, na hiyo nayo ilitumika, nitaifikia.

Damien Parer, kameramani Mwaustralia, alikufa akimpa adui mgongo hivyohivyo. Ilikuwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, tarehe 17 Septemba 1944 kwenye kisiwa cha Peleliu huko Pasifiki, wanamaji wa Marekani wanasonga mbele, yeye anatembea kinyumenyume nyuma ya kifaru ili awapate usoni wanavyokuja, rashasha ya Wajapani ikammaliza. Miaka 32. Alikuwa ameoa Machi mwaka huohuo na mtoto wake alizaliwa baba keshazikwa. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa New Guinea kwenye njia ya Kokoda, milima, matope, tumbo linamsumbua, mizigo yake akawa anaitupa njiani ili abaki na kamera na mikanda. Filamu iliyotokana na picha hizo, Kokoda Front Line!, ilipata Oscar mwaka 1943, ya kwanza kwa Australia. Na bado mwaka huohuo akashindwana na mwajiri wake wa serikali akahamia kwa Wamarekani!

Watu wanadhani kazi yenyewe ilikuwa kubonyeza na kusubiri. Kamera waliyoipenda wengi wao enzi zile ilikuwa Eyemo, dude la chuma linaloendeshwa kwa springi, unazungusha ufunguo kama saa ya zamani, linakimbia kwa sekunde kadhaa halafu linakata na unaanza kuzungusha tena. Mkanda wa futi 100 unaisha kwa dakika moja na ushee. Dakika moja! Ukiisha unajikunja ndani ya shimo, unaikinga kamera na jua kwa mwili wako, unatoa mkanda unaingiza mwingine na vidole vyenye mchanga, na kitu ulichokuwa unakisubiri tangu asubuhi kinatokea muda huohuo. Sauti nayo hakuna, ile milipuko unayoisikia kwenye filamu nyingi za wakati ule iliwekwa baadaye studio.

Ndo maana Norman Hatch, kameramani wa jeshi la Marekani, namvulia kofia. Tarawa, hukohuko Pasifiki, Novemba 1943, vita vya siku tatu vilivyoua Wamarekani zaidi ya elfu moja na karibu Wajapani wote waliokuwa wakilinda kisiwa. Hatch alikuwepo na Eyemo yake, na akapata kitu ambacho ni nadra mno, askari wa Marekani na wa Japani kwenye fremu moja, wakiwa vitani. Sasa piga hesabu mwenyewe alikuwa umbali gani. Picha za maiti za Wamarekani zikielea ufukweni zilibidi zipate ruhusa ya Rais Roosevelt mwenyewe ndo wananchi wakaziona.

Sasa hilo la kuigiza. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walitoa filamu ya vita vya Somme kule Ufaransa, mamilioni wakajazana kwenye kumbi kuitazama, na kile kipande maarufu cha askari wanaopanda kutoka handakini, mmoja anateleza anarudi chini kama kafa, kilirekodiwa nyuma mbali na mapigano. Angalia kamera ilipokaa, juu ya miguu mitatu, imetulia tuli. Siku ya kweli nani angeisimamisha pale? Ila tuwe wakweli, sehemu kubwa ya filamu ile ni picha halisi, na kwa kamera ya kuzungusha kwa mkono wale jamaa wawili walioirekodi walifanya kazi kubwa. Hicho kipande tu ndo kinanikera, maana ndicho kinachorudiwa kila siku.

Neil Davis, kameramani Mwaustralia mwingine, alipita vita vya Vietnam na Kambodia miaka na miaka, mara nyingi akiwa na askari wa nchi zile wakati wengine wameng'ang'ania Wamarekani. Yote hayo akatoka hai, halafu Septemba 1985 jaribio la mapinduzi pale Bangkok, kifaru kikafyatua, akaanguka na kamera ikaendelea kurekodi chini. Msaidizi wake wa sauti naye alikufa.

Siku hizi kuna droni na kamera za kwenye helmeti, na kuna watu wanasema kameramani wa nini tena. Juzi niliangalia moja ya helmeti, dakika kama kumi hivi. Nimeona mikono, mtutu, majani, pumzi inahema masikioni, ila mwenyewe hata sijui anafananaje. Mwishoni kabisa akaivua helmeti ili azime, lenzi ikamgeukia, kama sekunde moja, kumbe ni kitoto tu, hata ndevu hana.